Kila mtu alikuja na dawa yake: kisa cha kijana mwenye sonona Lubumbashi

Kijana ana miaka 16, anaishi Katuba, sehemu ya jiji la Lubumbashi nchini Kongo (DRC), pamoja na wazazi na wadogo zake. Mama yake alimleta kliniki kwangu kwa maumivu ya kichwa, usingizi wa vipande vipande na "hasira ya bure". Ndani ya miezi minne alikuwa ametibiwa malaria mara mbili na tifo mara moja, kila safari kwa karatasi ya maabara mkononi, kila safari bila nafuu ya kudumu. Mwishowe famasi ya mtaani ikawauzia diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, vidonge vichache vilivyofungwa kwenye kipande cha karatasi. Kijana akawa anasinzia darasani na kukesha usiku, na hapo ndipo mama alipoona kwamba mambo yameharibika kweli.

Umri, mpangilio wa ndugu na mambo mengine yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha, na sehemu nyingine za kisa nimezishona kutoka kwa zaidi ya familia moja.

Kuutambua ugonjwa hakukutuchelewesha. Kilichotuchelewesha ni kwamba ndugu watano walikuwa na matakwa matano kuhusu tiba, na kila mmoja alikuwa na uwezo wa kuikwamisha tiba ya mwenzake. Katika mafunzo yetu jambo hili huishia kwenye agizo la kumshirikisha mlezi. Mlezi yupi? Anayelipa, anayelala nyumba moja na mgonjwa, au yule ambaye bila neno lake hakuna kinachofanyika?

Alivyokuja

Miezi mitano nyuma alikuwa golikipa wa timu ya mtaa. Mazoezi aliyaacha polepole, kwanza ya katikati ya wiki, kisha hata mechi za Jumapili jioni. Chakula anakigusagusa tu. Anaamka saa tisa usiku na usingizi haurudi. Shuleni anarudia darasa, na mwalimu wake amelalamika kwamba anajibu kwa ukali. Nyumbani anagombana na wadogo zake kwa mambo yasiyo na uzito, kisha anakwenda kukaa nyuma ya nyumba peke yake hadi giza liingie. Neno huzuni mama hakulitaja hata mara moja. Wengi wetu husubiri machozi ndipo tuseme mtu ana sonona (dipresheni). Kwa kijana, hasira na kero vinaweza kushika nafasi ya huzuni, na miongozo ya utambuzi inakubali hivyo. Wiki mbili za hali hiyo karibu kila siku, pamoja na dalili nyingine kama za usingizi, hamu ya chakula na kujiona bure, zinatosha kumfanya mtabibu asimame. Yeye alikuwa na miezi mitano.

Kuna jambo mama alilisimulia kama sifa. Kijana alikuwa amempa mdogo wake glovu zake za golikipa, zile alizotumiwa na kaka yake, akamwambia azitunze vizuri. Mama aliona ni ukarimu. Nilimwomba mama atoke nje kidogo.

Akiwa peke yake, kijana alijibu maswali tisa ya PHQ-9, dodoso la kupima sonona, akapata alama 17 kati ya 27. Kuanzia 15 tunahesabu kwamba sonona imeshapita kiwango cha kati. Swali la tisa ndilo la mawazo ya kifo, na hapo alijibu "siku kadhaa". Nikamuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua. Watu huogopa swali hili wakidhani linapanda wazo ambalo halikuwapo. Halipandi, na mara nyingi anayeulizwa huonekana ametuliwa mzigo. Alijibu akitazama sakafu: "Kama siko, bo batapumua." Yaani asipokuwapo, wao nyumbani watapumua. Hakuwa na mpango wowote na hakuwahi kujaribu. Nilimwambia kwamba mengi atakayoniambia yatabaki kati yetu, ila hili la kutaka kutokuwapo sitalificha kwa wazazi, na nikamuuliza ni nani angependa alisikie kwanza. Akasema kambo, bibi yake anayeishi Likasi. Jibu hilo niliandika pembeni ya faili bila kujua bado uzito wake.

Vipimo vya damu, sukari na virusi vya ukimwi havikuonyesha kitu. Hakuwa na kifafa. Hakuwahi kuwa na kipindi cha furaha iliyopitiliza, cha kukesha bila kuchoka na kuropoka mipango mikubwa; hilo huulizwa mapema kwa sababu dawa ya sonona ikimkuta mtu wa namna hiyo inaweza kumrusha upande wa pili. Sauti hakusikia. Pombe ameionja, bangi hapana.

Kilichotangulia ugonjwa kilikuwa mambo matatu yaliyofuatana: kufeli mwaka wa shule, binamu aliyekuwa akilala naye chumba kimoja kwenda Kolwezi kuchimba, na baba kupata kazi ya zamu katika mgodi hukohuko, wiki tatu kazini na moja nyumbani. Chumba cha vijana kikapangishwa. Yeye akahamia salon, yaani sebuleni, kwenye godoro la pamoja na wadogo wawili, chini ya televisheni inayozimwa mtu wa mwisho akichoka.

Mkutano wa Jumamosi

Nilisubiri wiki ya baba kuwa nyumbani. Tulikaa kwenye chumba cha mashauriano, viti vya plastiki, madirisha wazi kwa ajili ya joto. Baba alichukua kiti kilichoelekeana na changu. Mama alikaa kando yake, shangazi, yaani dada mkubwa wa baba, karibu na dirisha. Kambo alikuwa amefika kutoka Likasi kwa basi la asubuhi. Simu ya baba iliwekwa mezani ikiwa na sauti kubwa, na ndani yake alikuwamo yaya, mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo, anayefanya kazi Johannesburg na ambaye ndiye hutuma pesa za matibabu. Kijana alikaa kwenye kiti cha mlangoni. Hakuna aliyemwambia akae pale.

Baba alianza, kama ilivyotarajiwa. "Docta, mumupigeko shindano. Lundi narudia ku kazi." Yaani nimpige kijana sindano, maana Jumatatu yeye anarudi kazini.

Mama akasema kanisa limeshaanza kazi. Kikundi cha akina mama kilikuwa kimepanga siku tatu za kufunga kavu, bila chakula wala maji, na kijana angefunga pamoja nao. Vidonge aliviona kama kumwambia Mungu kwamba amechelewa.

Shangazi alizungumza kwa mafumbo. Kuna parseli, yaani kiwanja, ya familia inayogombaniwa, kuna mtu fulani upande wa wakubwa ambaye hakupenda kijana huyu asome. Hakutaja jina. Kila mtu chumbani alijua.

Yaya alikuwa na msimamo ulioandikwa. Alikuwa ametuma kwenye kundi la WhatsApp la familia ujumbe wa sauti mrefu na picha ya maandishi ya Kiingereza yakisema dawa za sonona zinaongeza mawazo ya kujiua kwa vijana. Alitaka mdogo wake aongee na mwanasaikolojia, basi. Dawa kamwe.

Kambo hakusema kitu.

Katika mkutano kama huu kishawishi cha mtabibu ni kugeuka hakimu: huyu yuko sawa, huyu kakosea, hitimisho langu hili hapa. Nimeona wenzangu wakifanya hivyo, na familia ikaitikia "ndiyo Docta" kwa sauti moja, kisha haikurudi tena. Mimi huuliza kila mmoja swali moja tu: tusipofanya unavyotaka, unaogopa kutatokea nini? Matakwa ya familia kuhusu tiba nayahesabu kuwa habari za kitabibu, kama joto la mwili: hayabishaniwi, yanapimwa na kutafutiwa chanzo.

Baba alifikiri kwanza. Kisha akasema mdogo wake wa damu aliwahi kuchanganyikiwa, akitembea uchi na kusema na watu wasioonekana, akapelekwa hospitali akapigwa sindano, na baada ya siku chache alitambua watu. Aliogopa mwanawe yuko njiani kuelekea hapo, na kwamba itatokea yeye akiwa Kolwezi, karibu kilomita 300, wakati nyumbani hakuna mwanamume wa kumshika. Kwa hiyo sindano haikuwa ujeuri. Alikuwa na siku chache, na alitaka kuona kitu kimefanyika kwa macho yake. Nilimweleza kwamba ugonjwa wa mdogo wake na huu wa mwanawe ni magonjwa mawili tofauti, na kwamba kwa kijana wa miaka 16 mwenye sonona hatuna sindano ya kumponya kwa siku mbili. Alikunja uso, lakini mabega yake yalishuka.

Mama alichelewa kujibu. Alichoogopa ni macho ya wenzake. Tangu baba aende mgodini, akina mama wa kikundi ndio wanaomtembelea, ndio waliomletea unga mwezi mshahara ulipochelewa. Akikubali vidonge, wataona imani yake imepungua, na atabaki peke yake. Hapo sikuwa nikishindana na theolojia. Nilikuwa nikishindana na msaada pekee aliokuwa nao, na ni mjinga tu angemwambia aukate.

La shangazi nililipitia haraka na kwa makusudi. Nilimwambia mbele ya wote kwamba mgogoro wa parseli una njia zake, na kwamba mtoto asiwekwe katikati, si kama aliyelogwa wala, kesho na keshokutwa, kama mlozi mwenyewe. Hili la pili ndilo linaloniogopesha zaidi, kwa sababu katika vyumba vya maombi vya mji huu hadithi ya kwanza imewahi kugeuka kuwa ya pili kabla ya wiki kwisha. Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto ulozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaweka adhabu ya kifungo kwa anayefanya hivyo. Nilitaja sheria mara moja, bila kumtazama mtu.

Ndipo kambo akafungua mdomo. "Huyu mutoto banamusemasema sana. Na halale. Munipe naye, aende na mie Likasi." Baba akacheka kidogo kwa adabu. Mie pia, ndani yangu, niliona ni bibi anayetaka kumkimbiza mjukuu.

Yaya alikuwa amesoma kitu cha kweli

Jibu la haraka kwa kaka wa Johannesburg lingekuwa kwamba intaneti ina mengi. Lingekuwa jibu la uongo. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliamuru onyo kali kabisa liwekwe kwenye dawa zote za sonona kwa watoto na vijana, na mwaka 2007 ikalipanua hadi umri wa miaka 24. Msingi wake ulikuwa majaribio 24 yenye washiriki zaidi ya 4,400: kati ya waliopewa dawa, takriban asilimia 4 walipata mawazo au vitendo vya kujiua, dhidi ya asilimia 2 kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa. Hakuna hata mmoja aliyekufa kwa kujiua katika majaribio hayo. Hatari ipo, ni ndogo, na inatufanya tumwangalie kijana kwa karibu, hasa wiki za mwanzo na kila kipimo cha dawa kinapobadilishwa.

Upande mwingine wa hesabu haukuwamo kwenye ujumbe wake. Utafiti wa Marekani uitwao TADS, uliotolewa mwaka huohuo wa 2004, ulifuatilia vijana 439 wa miaka 12 hadi 17. Baada ya wiki 12, waliopewa fluoksetini, mojawapo ya dawa za sonona, pamoja na tiba ya mazungumzo walipata nafuu kwa asilimia 71. Fluoksetini peke yake karibu 61. Mazungumzo peke yake 43. Kidonge kisicho na dawa 35. Kufikia wiki ya 36 makundi matatu ya tiba yalikuwa yamekaribiana sana, kati ya asilimia 81 na 86. Yaani mazungumzo yanafika, ila yanafika polepole zaidi. Na matukio ya mawazo au majaribio ya kujiua yalikuwa mengi zaidi kwa waliokunywa dawa bila mazungumzo, asilimia karibu 15, kuliko kwa waliopata vyote viwili, asilimia 8. Takwimu hizo nilizisoma kwenye simu iliyowekwa mezani, taratibu, na yaya aliuliza maswali mazuri kuliko wanafunzi wengi.

Alipouliza kama mazungumzo ya namna hiyo yanapatikana Lubumbashi ilibidi niseme ukweli. Vijana wa TADS walikutana na wataalamu waliofundishwa hasa kwa kazi hiyo, karibu kila wiki. Kwetu wenye ujuzi huo ni wachache, na nauli ya taxibus kila wiki ni bajeti. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo visivyo na wataalamu, mhGAP, unataka tuanze na msaada wa kisaikolojia kwa kijana. Fluoksetini ifuate pale msaada huo usipotosha, kwa ushauri wa mtaalamu, na dawa za zamani kama amitriptilini asipewe kabisa. Hili la amitriptilini nililisisitiza, kwa sababu famasi ilikuwa tayari imemwambia baba kuna "kitu hichohicho cha bei nafuu". Si kitu hichohicho. Kwa watoto haijaonyesha faida ya maana, na ikimezwa nyingi kwa pamoja inaweza kusimamisha moyo na kuua. Katika nyumba yenye kijana anayewaza kifo, hiyo ndiyo dawa ya mwisho ningeiweka kabatini.

Kuna utafiti wa karibu zaidi na sisi ninaoupenda: kaskazini mwa Uganda, mwaka 2007, vijana 314 wa miaka 14 hadi 17 katika kambi za waliokimbia vita. Tiba ya vikundi inayozungumzia mahusiano na misiba, ikiendeshwa na wenyeji waliofundishwa, iliwapunguzia wasichana sonona kwa namna iliyoonekana wazi. Kwa wavulana tofauti haikuwa ya uhakika. Sikumficha yaya hilo, maana mdogo wake ni mvulana, na mvulana aliyewekwa kwenye kikundi akaambiwa afunguke mara nyingi hutazama mlango.

Wa sita

Kijana mwenyewe nilimuuliza baada ya wote kutoka, peke yake, na hili naliona ndilo nililolifanya vizuri siku ile. Mbele ya wakubwa angesema "namna papa anaona". Faraghani alikuwa na orodha. Hataki kupelekwa Kituo cha Joseph Guislain, ambako Lubumbashi nzima inajua wagonjwa wa akili hutibiwa, kwa sababu dereva mmoja wa moto, yaani pikipiki, wa mtaa wao huegesha karibu na lango. Hataki pasta ajue. Vidonge haviogopi kama kaka yake, ila hataki virundikwe mezani wakati wa chakula wadogo zake wakiangalia. Anataka kuongea, lakini si kuhusu shule. Na anataka kwenda Likasi.

"Kwa nini Likasi?"

"Kambo haniulizake."

Ombi lile la bibi nililoliona la kukimbiza ndilo pekee lililolingana na la mgonjwa. Watu wawili wenye sauti ndogo kuliko wote chumbani walikuwa wakisema kitu kimoja, na kilikuwa na mantiki ya kitabibu: usingizi, utulivu, mtu anayemtazama bila kumhoji. Tatizo lilikuwa wakati. Kumpeleka kilomita zaidi ya mia moja kutoka kwenye ufuatiliaji, akiwa na mawazo aliyokuwa nayo, sikuweza kukubali. Nilimwambia: si sasa, ila si hapana.

Mpango ulikuwa hivi. Diazepamu inasimama, alikuwa ameinywa usiku chache tu. Dawa zote za nyumba na sumu ya panya vinahamia kwa jirani wa mama, mwanamke mzima anayeaminika. Kijana analala kwenye chumba cha wazazi baba akiwa kazini, na televisheni inazimwa saa tatu. Kila Alhamisi anakuja kuzungumza. Tulianza na vitu vidogo vya kufanya, si vya kuhisi: kutembea hadi uwanjani bila kucheza, kumfundisha mdogo wake kudaka kwa glovu zilezile. Mama anaendelea kusali, kijana akitaka anasali naye, ila hafungi. Mwili ambao haulali wala hauli hauongezewi siku tatu bila maji. Hapo sikutafuta maelewano, na mama alilikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Nadhani alikuwa akisubiri mtu wa kumpa sababu.

Baba alipewa kazi pia, maana mtu aliyetaka sindano akiambiwa "tusubiri" hujiona hana faida. Kila jioni kutoka Kolwezi anapiga simu na haulizi shule. Anauliza amekula nini. Alisema ni kazi ndogo mno. Wiki ya pili alikiri kwamba ni ngumu.

Vidonge vilivyobaki

Baada ya wiki nne alama zilikuwa 15. Mawazo ya kifo yalipungua lakini usingizi na uzito wa asubuhi havikusogea. Kijana mwenyewe akasema tujaribu dawa. Guislain alikubali kwenda mara moja, mapema asubuhi, akisindikizwa na kambo, kwa hoja yake mwenyewe: wakiulizwa, ni bibi ndiye mgonjwa. Kambo alikubali ugonjwa huo bila kusita. Daktari wa akili aliandika fluoksetini. Kwa kuwa zilizopatikana zilikuwa kapsuli za miligramu 20, wiki ya kwanza alikunywa moja siku moja na kuruka inayofuata, ili aanze chini. Dawa hii hukaa mwilini siku nyingi, kwa hiyo hilo linawezekana. Kisha moja kila asubuhi, kwa mama jikoni, kabla wadogo hawajaamka. Wiki hizo za mwanzo nilimwona mara mbili kwa wiki, na yaya alipiga simu kila jioni kuuliza kama mdogo wake ana wasiwasi mpya au anatembeatembea usiku. Yule aliyepinga dawa akawa mlinzi wake mzuri kuliko wote.

Wiki ya tano ya dawa mama alileta kikopo. Nilimwaga kapsuli mezani tukahesabu pamoja. Zilikuwa zimezidi saba. Mama alinyamaza, kisha akasema wiki iliyopita kanisani kulikuwa na maombi ya kila usiku, na dada mmoja alihubiri kwamba anayeshika mambo mawili haponi. Hakumtaja mtoto wake kwa mtu. Alisimamisha tu.

Bahati ilikuwa aina ya dawa: kwa sababu hutoka mwilini polepole, wiki moja haikumletea kizunguzungu wala kero za ghafla ambazo dawa nyingine za kundi hilo huleta. Lakini ningeweza kukasirika na kumpoteza. Njia ya kawaida ingekuwa kwenda kwa pasta, na viongozi wengi wa makanisa hapa husaidia wakielezwa. Kijana alikuwa amekataa, na neno lake lilikuwa na haki kuliko urahisi wangu. Tukatafuta mlango mwingine. Mama alimuuliza pasta swali lisilo na jina: mtu anayekunywa dawa kila siku, aache wakati wa maombi ya wiki? Pasta akajibu kwamba mama fulani wa kwaya ana kisukari, na yeye mwenyewe alimkataza kuacha vidonge. Mama alirudi na jibu hilo kama mtu aliyepata kibali cha kuvuka mpaka. Dawa hazikukatika tena.

Mwezi wa tatu wa dawa alama zilikuwa 9, na likizo ilikuwa imefika. Likasi ikawezekana, kwa masharti: kapsuli kwa kambo, simu yangu kwa kambo, na kijana arudi siku ikipangwa. Alikaa wiki tatu. Sijui sana walifanya nini, na hilo lilikuwa sehemu ya tiba. Aliporudi alikuwa analala hadi saa kumi na moja.

Walipo sasa

Alama za mwisho zilikuwa 5. Ukiwauliza kilichomponya, kila mmoja ana jibu. Mama anasema ni maombi. Yaya anasema ni mazungumzo ya Alhamisi. Baba bado anaamini sindano ingefanya haraka zaidi. Shangazi anasema mtu yule wa parseli aliugua mwezi uleule, na hataki kuendelea na habari hiyo. Sijajaribu kuwapatanisha.

Ugomvi wa sasa ni wa kuacha dawa. Miongozo inataka aendelee miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kwisha, kwa sababu anayeacha mapema hurudi nyuma kwa urahisi, na kuacha kwenyewe kunafanywa polepole na kwa tarehe inayojulikana. Mama anaona mtu aliyepona hahitaji dawa. Yaya angependa iachwe kabla ya shule kufunguliwa Septemba, ili mdogo wake aanze mwaka "akiwa yeye". Baba, wa kuwashangaza wote, ndiye anayesema hapana: ameona mdogo wake akirudiwa na ugonjwa baada ya kuacha matibabu, na haijalishi nimemwambia mara ngapi kwamba ni ugonjwa mwingine. Safari hii hofu yake inavuta upande wangu, na nimeacha kumrekebisha kwa bidii ileile.

Kijana anataka ashike kapsuli zake mwenyewe. Glovu amezirudisha, ila anachezea timu nyingine, ya upande wa Kenya, sehemu nyingine ya jiji letu, ambako hawamjui sana. Nimemjibu kwamba kapsuli zibaki kwa mama hadi matokeo ya kipindi cha kwanza yatoke, kwa sababu ripoti ya shule ndiyo iliyoanzisha mambo mwaka jana na nataka tuone atakavyoipokea. Alibisha. Akasema basi awe anapewa za wiki moja moja, na mama ahesabu kila Jumapili. Mama amekubali, baba bado, na yaya ameomba apewe siku mbili za kufikiria.